Kuogelea Hakufundishwi Ubaoni: Elimu ya Kuzuia Bangi Shuleni Hufanyaje Kazi?

Mama mmoja alisimama katika mkutano wa wazazi wa shule ya kutwa huku Kisauni, Mombasa. "Mwalimu, mwanangu yuko Gredi ya 8. Juzi kaniambia bangi ni dawa, kwamba Ulaya inaruhusiwa, na kwamba hata mtu aliyegombea urais hapa kwetu alisema tuilime. Mimi nimjibu nini? Na nyinyi humu ndani mnamfundisha nini?" Mwalimu mkuu akaeleza kwamba mwezi Juni shule ilileta mgeni, akawahutubia wanafunzi wote uwanjani kwa saa nzima. Mama akaketi, lakini uso wake ulionyesha wazi kwamba hajajibiwa.

Nilikuwa nimeketi viti vitatu kutoka kwake, na swali lake sijalisahau. Lina pande mbili: mtoto ameelewa nini kuhusu bangi, na shule inaposema "tunawaelimisha watoto" inamaanisha kitu gani hasa.

Si ajabu watoto wamechanganyikiwa, maana watu wazima wenyewe tumechanganyikiwa. Mwaka 2021 jamii ya Rastafari ilikwenda Mahakama Kuu kuomba iruhusiwe kutumia bangi katika ibada. Mwaka 2022 mgombea urais George Wajackoyah alizunguka nchi akisema bangi ikiuzwa ng'ambo italipa madeni ya taifa. Mei 2024 Gavana Abdulswamad Nassir akapiga marufuku muguka Mombasa, mahakama ya Embu ikaisimamisha amri hiyo, na barazani watu wakawa wanaitaja muguka na bangi kwa pumzi moja kana kwamba ni kitu kimoja. Mwaka huohuo Ujerumani ikawaruhusu watu wazima kuwa na kiasi kidogo cha bangi. Mtoto wa miaka 13 mwenye simu ya kuazima huyasikia haya yote, tena vipande vipande.

Tuanze na maneno yenyewe. Bangi, ambayo vijana wa maskani (yaani vijiweni) huiita shada, ndomu au majina mengine yanayobadilika kila msimu, ni mmea. Ndani yake mna kemikali nyingi, na mbili ndizo zinazotajwa zaidi: THC, ndiyo inayolewesha, na CBD, ambayo hailewishi. Muguka ni mmea mwingine kabisa, wa jamii ya miraa, na nchini Kenya ni zao halali. Bangi ni haramu chini ya sheria ya dawa za kulevya ya mwaka 1994, na kampeni za 2022 hazikubadilisha hilo hata kidogo. Uraibu ni hali ya mtu kuendelea kutumia kitu ijapokuwa kinamharibia maisha na yeye mwenyewe anataka kuacha. Na elimu ya kinga, ambayo ndiyo mada yetu, ni mafunzo yanayotolewa kabla mtoto hajaanza. Si tiba, wala si adhabu.

Kwa nini basi hofu yetu ni juu ya vijana? Ubongo una mawasiliano yake ya ndani. Hutengeneza kemikali zake zinazoziambia seli wakati wa kupunguza kasi na wakati wa kuendelea, kama askari wa trafiki anavyoongoza magari makutano yakifurika. THC inafanana na kemikali hizo. Ikiingia, ni kama mtu asiye askari amevaa sare, akasimama katikati ya barabara anapunga mikono ovyo. Magari hayasimami yote, lakini mpangilio unavurugika: kumbukumbu ya muda mfupi inalegea, umakini unapotea, muda unaonekana kurefuka. Kwa mtu mzima mengi ya hayo hupita. Kwa kijana, barabara zenyewe bado zinajengwa. Ubongo huendelea kukomaa hadi mtu anapofika miaka ishirini na kitu, na sehemu ya kupima hatari ni miongoni mwa zinazokamilika mwisho. Kijana wa miaka 14 ni jahazi lililokwisha kutweka tanga ilhali usukani bado unachongwa.

Ndiyo maana umri wa kuanza una uzito kuliko watu wanavyodhani. Katika kila watu 10 waliowahi kutumia bangi, takriban 1 hupata uraibu. Kwa walioanza wakiwa vijana, ni takriban 1 kati ya 6. Wale wanaovuta kila siku, wanaotumia bangi kali, au wenye ndugu wa damu aliyewahi kuugua ugonjwa wa akili, wako katika hatari kubwa zaidi ya kupata maradhi yanayomfanya mtu asikie sauti na kuona yasiyokuwepo. Hiyo haina maana kwamba kila anayevuta atakuwa mwendawazimu. Nasisitiza hapa kwa sababu ndipo elimu yetu nyingi inapojikwaa.

Fikiria yule mgeni wa Juni. Juni 26 ni siku ya kimataifa ya kupambana na dawa za kulevya, kwa hiyo wageni huwa wengi msimu huo. Anasimama juani mbele ya watoto mia sita na kuwaambia: ukivuta bangi utapata wazimu, utakufa, utaishia jela. Katika mstari wa nyuma kuna mvulana ambaye mjomba wake amekuwa akivuta kwa miaka kumi. Mjomba huyo anaendesha tuktuk, analipa kodi ya nyumba, na jioni anamletea mabuyu. Mtoto anapima anachoambiwa kwa anachokiona. Hotuba ikishindwa kipimo hicho, hatupi lile neno moja la uongo peke yake, anatupa hotuba nzima, pamoja na yale ya kweli kuhusu ubongo wake. Na siku atakaposikia juu ya unga, yaani heroini, atakumbuka kwamba kuhusu bangi alidanganywa.

Njia hii imejaribiwa kwa pesa nyingi kuliko tutakazowahi kuwa nazo sisi. Marekani, mwaka 1983, polisi na shule za Los Angeles walianzisha mpango ulioitwa DARE. Askari mwenye sare aliingia darasani kufundisha watoto wakatae dawa za kulevya. Ulipendwa mno, ukaenea nchi nzima. Wachunguzi walipokuja kulinganisha waliofundishwa na wasiofundishwa, katika miaka ya 1990, hawakuona tofauti ya maana katika matumizi, na baadaye mtaala wake ukabidi ubadilishwe. Kati ya 1998 na 2004 serikali ya nchi hiyo ikatumia karibu dola bilioni moja kwa matangazo ya kuwaonya vijana. Tathmini haikupata dalili kwamba bangi ilipungua. Kulikuwa hata na ishara kwamba baadhi ya vijana waliotazama matangazo mengi waliamini zaidi kuwa kila mwenzao anavuta. Onyo likirudiwa kila siku, mtoto husikia ujumbe mwingine chini yake: kumbe wanaovuta ni wengi hivi!

Sisi wa pwani tunajua bahari, kwa hiyo niliseme hivi. Ukitaka mtoto asizame baharini pale Mama Ngina, unaweza kumchorea ubaoni maiti iliyovimba. Atatishika, pengine usiku atakosa usingizi. Lakini siku wenzake wakimsukuma majini, ile picha haitamsaidia kupiga hata pigo moja la mkono. Kuogelea ni kitu cha kufanya kwa mwili, mara nyingi, ukiwa na mtu anayejua, kuanzia maji ya magotini. Elimu ya bangi inayofanya kazi ni ya namna hiyo.

Mwaka 2014 watafiti wa Cochrane, kundi linalokusanya na kuchuja tafiti za afya, walipitia tafiti 51 zilizohusisha wanafunzi zaidi ya 127,000 kuhusu kinga ya dawa za kulevya shuleni. Mipango iliyotoa maarifa peke yake iliongeza maarifa, basi. Iliyoonyesha matokeo ni ile iliyounganisha stadi za maisha na mazoezi ya kukabili shinikizo la wenzako. Shirika la Afya Duniani na ofisi ya Umoja wa Mataifa inayoshughulikia dawa za kulevya, katika mwongozo wao wa mwaka 2018, wanasema mambo yanayokwenda njia hiyohiyo: vipindi 10 hadi 15, mara moja kwa wiki, vya kushirikiana na si vya kuhutubiana, vikiongozwa na mwalimu au mwenzao aliyefunzwa. Wametaja pia yasiyosaidia: kutisha, kumleta polisi kufundisha, na kumleta aliyewahi kuwa mraibu atoe ushuhuda.

Hili la mwisho huwaudhi watu, na nalielewa. Mombasa imezika vijana wengi kwa unga, na aliyetoka huko akasimama kuongea ni mtu wa kuheshimiwa. Ana kazi kubwa ya kufanya kwa wale wanaotaka kuacha. Ila mtoto wa miaka 12 akimtazama huona kitu kingine: mtu aliyefanya yote hayo, akapona, na leo anapigiwa makofi jukwaani.

Sasa hivyo vipindi ndani yake mna nini? Nichukue mpango wa Unplugged, uliojaribiwa katika nchi 7 za Ulaya kwa watoto wa miaka 12 hadi 14, na ambao Nigeria nayo imeuingiza katika shule zake. Una vipindi 12. Bangi yenyewe, kama kemikali, inachukua sehemu ndogo tu. Vilivyobaki vinahusu mtoto na watu wanaomzunguka.

Kuna zoezi moja la aina hii ambalo napenda nilieleze kwa urefu, kwa kuwa linaweza kufanywa Mtopanga au Jomvu kesho asubuhi bila shilingi moja. Mwalimu anagawa vikaratasi viwili. Katika cha kwanza mwanafunzi anaandika, bila jina: unadhani wangapi kati ya 50 tuliomo humu wamevuta bangi mwezi huu? Katika cha pili anaandika ndiyo au la kuhusu yeye mwenyewe. Vikaratasi vinakunjwa, vinatiwa kikapuni, vinatikiswa, vinahesabiwa mbele ya wote. Kwa kawaida ile namba ya kukisia huwa kubwa mno kupita ile ya kweli. Watoto hutazamana. Kila mmoja alidhani yeye peke yake ndiye mshamba.

Tofauti hiyo ndiyo dawa yenyewe, kwa sababu kijana hafuati wanayoyafanya wenzake, hufuata anayodhani wanayafanya. Hata kwa nchi nzima ni vivyo hivyo. Utafiti wa mwaka 2022 wa NACADA, mamlaka ya Kenya ya kupambana na ulevi na dawa za kulevya, ulikuta watu 518,807 wa umri wa miaka 15 hadi 65 wanaotumia bangi, yaani asilimia 1.9, mtu 1 kati ya 53. Idadi hiyo ilikuwa karibu mara mbili ya ile ya miaka mitano nyuma, na hilo linatosha kututia wasiwasi. Lakini 52 waliobaki hawavuti. Mtoto anayepita maskani ya mtaa wake kila jioni hawezi kuwaona hao 52, kwa kuwa hawakai maskani.

Tahadhari moja: kura hii ifanywe na mwalimu aliyeandaliwa, na pasiwepo kutambua mwandiko wa mtu. Siku mwalimu atakapotumia kikaratasi kumkamata mtoto, hakuna mwingine atakayeandika ukweli tena, si kwa mwaka huo wala kwa mwalimu mwingine yeyote.

Halafu yaja mazoezi ya kukataa. Hapa wazazi wengi huniambia, "Si aseme hapana tu!" Hebu mkumbuke mlivyokuwa. Bangi haiji na mtu mgeni mwenye kofia aliyejificha uchochoroni. Huja na binamu, au na yule beki mnayecheza naye timu moja. Hasemi "karibu dawa za kulevya." Anasema, "Wee vuta moja tu, au wewe si wetu?" Mtoto wa miaka 13 ana sekunde tatu za kujibu, na wanaotazama ni wanne. Kwa hiyo darasani wanaigiza. Mmoja anashawishi kwa nguvu zake zote, mwingine anatafuta jibu ambalo litatoka mdomoni kwake bila kumfanya aonekane mtoto wa mama. "Kesho nina mechi. Nyinyi vuteni, mie nashuka Kongowea kula viazi." Wanacheka, wanarudia, wanabadilishana nafasi. Mara ya nne sauti haitetemeki tena. Wasichana wawemo katika zoezi hili, tena bila kuachwa nyuma ya darasa, kwa sababu wao hushawishiwa kwa njia zao, mara nyingi na mvulana wanayempenda au kwa keki na biskuti zilizotiwa bangi. Bangi ya kula huchelewa kupanda, nusu saa hadi saa mbili, na anayeona "mbona hainishiki" huongeza kipande kingine.

Nisiwauzie ndoto. Mipango hii mizuri matokeo yake ni madogo, ingawa ni ya kweli. Inafanya kazi kama chandarua: wanaoumwa hupungua, hawaishi. Na ukiibadilisha ovyo inaweza kukugeuka. Brazil iliutafsiri na kuubadilisha ule mpango wa Ulaya, kisha wachunguzi wakakuta wanafunzi waliofundishwa walianza kuonja pombe zaidi ya wenzao ambao hawakufundishwa. Wabrazili waliujua ukweli huo kwa sababu walipima, wakarudi kuurekebisha. Sisi hotuba za Juni hatuzipimi.

Hapo pia ndipo penye jibu kwa wazee wanaosema kuzungumzia bangi darasani ni kuwafundisha kuvuta. Hawajakosea kabisa. Kumpitishia mtoto msokoto halisi aunuse, kumweleza unavyosokotwa na unauzwa bei gani, huko kweli ni kumtia hamu. Mazungumzo yanayojibu kile ambacho tayari wanakisikia, kwa umri wao, ni jambo tofauti.

Dini je? Mombasa huwezi kulizunguka swali hili. Watoto walio karibu na madrasa au kanisa hutumia dawa za kulevya kwa uchache zaidi, na hilo linaonekana katika tafiti za nchi nyingi. Pengine sehemu ni imani yenyewe, na sehemu nyingine ni kwamba kuna ustadhi anayejua jina lake na kumuuliza jana alikuwa wapi. Mtoto ajue ni haramu. Baada ya kujua, bado anahitaji maneno ya kumjibu binamu yake.

Na ule msemo kwamba bangi ndiyo mlango wa unga? Wengi wanaotumia unga walianzia sigara na bangi, ni kweli. Lakini tazama barabara yetu. Anayekwenda Nairobi kwa gari hupita Mariakani, ilhali abiria wengi wa matatu za Mariakani hushuka Mariakani. Wengi waliovuta bangi hawakufika kwenye unga. Wanaofika, pengine ni kwa sababu muuzaji ni yuleyule na maskani ni ileile. Ukimwambia kijana kwamba pumzi moja itamfikisha kwenye sindano, umerudi kwenye hotuba ya Juni. Mwambie ukweli: ukikaa pale, siku moja utauziwa kingine.

Nirudi kwa mama wa Gredi ya 8. Mwanawe hakusema uongo, ameshika nusu. Dawa zipo. Mwaka 2018 Marekani iliidhinisha Epidiolex, CBD iliyosafishwa, kwa watoto wenye aina kali za kifafa. Daktari huandika kipimo, kama anavyofanya kwa mofini, na hakuna anayesema mofini ni ya kuonja nyuma ya choo cha shule. Nchi zilizoruhusu bangi nazo zimeweka mpaka wa umri: Ujerumani ni miaka 18, Kanada ni 18 au 19, na jimbo la Quebec ni 21. Kwa hiyo mama anaweza kumwambia mwanawe: mwanangu, hata kwa hao unaowataja, wewe hukuruhusiwa, na sababu ni ubongo wako, si sheria za polisi peke yake.

Limebaki jambo ambalo shule nyingi hulichanganya. Elimu ya kinga ni kwa wote. Kuna watoto wachache walio hatarini zaidi, wenye mzazi mraibu, wenye msiba, walioanza kutoroka shule, na hao wanahitaji mtu wa kuwafuatilia kwa karibu. Na kuna walioonja tayari. Kwa hawa wa mwisho, adhabu tuliyoizoea ni kumrudisha mtoto nyumbani wiki mbili. Kiboko kimekatazwa na Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013, basi lango limekuwa ndiyo kiboko. Lakini baba yuko bandarini, mama yuko sokoni, nyumba imefungwa. Wiki mbili hizo mtoto atakaa wapi kama si maskani, pamoja na haohao waliompa? Adhabu iwepo, iwe ya ndani ya shule, na iandamane na mazungumzo. Namba ya NACADA, 1192, ni ya bure, na mzazi au mwalimu anaweza kuipiga kuuliza pa kuanzia.

Mazungumzo hayo nayo yanataka mahali. Mwalimu mmoja wa ushauri nasaha aliniambia kwamba kwa mwaka mzima alikaa kwenye veranda ya ofisi, mlangoni wanapopita walimu wote, na hakuna mwanafunzi aliyekuja kwa hiari. Muhula uliofuata alibeba kiti chake na kingine cha plastiki, akavipeleka nyuma ya maktaba chini ya mwarobaini, ambako anayekuja huonekana kama anakwenda kurudisha kitabu. Wiki ya pili alikuja mvulana wa Gredi ya 9, akakaa kimya karibu kipindi kizima, kisha akauliza kama kuacha kunauma.